Kutoa Kabla ya Kujumlisha

Fundi hakupanda juu ya paa. Hilo lilinishangaza, maana mafundi wa sola ninaowafahamu wakija kwako huanza na ngazi. Huyu alivua viatu mlangoni, akamwamkia mwenye nyumba, akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye ukingo wa kochi na kuomba simu.

"Simu yangu ya nini, Fundi?"

"Nataka kusoma meseji zako za LUKU, mama."

Mama alicheka, akampa. Kwa saa nzima fundi aliteremka na meseji za kununulia umeme za mwaka mzima, moja baada ya nyingine, akizinakili kwenye kaunta buku: tarehe, fedha, uniti. Chai aliyoletewa ilipoa. Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala mama ana bajeti ya kiasi gani. Alipofika mwisho alipiga mstari, akajumlisha, akagawanya kwa siku 365, kisha akaizungushia duara namba iliyobaki chini ya ukurasa: 11.5.

"Nyumba yako inakula uniti kumi na moja na nusu kwa siku," alisema. "Sasa tumtafute mlaji."

Nyumba yenyewe iko Mchafukoge, ng'ambo ya Mnazi Mmoja ukitokea Kariakoo. Jina la kata hii husomeka kama amri ya mama kwa mtoto aliyerudi kucheza: wewe mchafu, koge. Ni mitaa ya maduka chini na makazi juu, na kama kuna somo ambalo wakazi wake wamelihitimu, ni hesabu. Nyuma ya kila kaunta kuna daftari, na kila mwenye duka anajua kwamba biashara haifi kwa kukosa mauzo peke yake. Hufa pia kwa matumizi yanayovuja kidogo kidogo pasipo mtu kuyaona. Fundi amekulia humu. Nadhani ndiyo maana anaitazama nyumba kama mwenye duka anavyolitazama daftari lake mwisho wa mwezi.

Anachokitafuta anakiita nyumba inayojilisha. Maana yake ni nyumba ambayo, ukichukua mwaka mzima, umeme unaozalishwa na paa lake unalingana na umeme unaotumiwa ndani yake. Si lazima ikate waya wa TANESCO, shirika la umeme. Mchana inatoa ziada, usiku inakopa. Kiangazi inaweka akiba, masika inaila. Mwisho wa mwaka deni na dai vinafutana. Kanuni za kupimana umeme na gridi kwa mtindo huo zipo Tanzania tangu 2018, na Kenya iliiweka haki hiyo katika Sheria ya Nishati ya 2019. Asiyetaka kupimana na gridi huweka betri, nayo hufanya kazi ileile ya kukopesha usiku kilichopatikana mchana.

Kwa jua la Dar es Salaam, paneli zenye jumla ya kilowati moja hutoa wastani wa uniti nne kwa siku. Gawanya 11.5 kwa nne unapata karibu kilowati tatu: paneli nane za wati 400, na betri kubwa ya kuvusha usiku. Muuzaji angefurahi kuishia hapo na kuandika risiti. Fundi aligeuza ukurasa.

Mimi nimeonja upande wa pili wa ufundi huu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua paneli iliyoandikwa wati 300 kwenye duka ambalo silitaji, nikaifunga nyumbani kwa haraka ya mtu aliyechoshwa na mgawo wa umeme. Haikuwahi kutoa hata nusu ya kilichoandikwa mgongoni mwake. Nikaongeza ya pili, kisha betri ya pili. Feni ilizunguka hadi saa nne za usiku, ikazimika, nami nikalilaumu jua. Haikunijia hata siku moja kujiuliza kwa nini chumba changu kinahitaji feni tatu.

Ukurasa wa pili wa kaunta buku fundi aliupa kichwa kimoja: WALAJI. Alitembea chumba kwa chumba na kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, akikiacha hapa siku nzima, pale siku nzima. Alipofika kwenye friji hakuhitaji mita. Alitoa noti ya shilingi elfu moja, akaibana kwenye mlango, akaufunga, kisha akaivuta taratibu. Noti ilitoka bila kusita. "Umeona? Kama noti inatoka, baridi nayo inatoka," alisema. Raba ya mlango ilikuwa imechanika pembeni, na friji ilikuwa ikiupoza mtaa.

Baada ya siku saba orodha ilikamilika. Kiyoyozi cha zamani cha chumba cha kulala kilikula uniti tano kila usiku. Friji mbili. Mapangaboi matatu, ya yale mazito yanayoguguna, mbili. Taa na televisheni moja. Birika la umeme, pasi na jiko dogo moja. Pampu ya maji nusu. Jumla ilikuwa ileile ya kwenye meseji, kumi na moja na nusu, na fundi alitabasamu kama mhasibu ambaye mizania yake imekaa sawa kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kumsikia fundi umeme akiuliza.

"Mama, chumba hiki kilianza lini kuwa na joto?"

Alifikiri. "Zamani hakikuwa na joto."

Zamani. Nyumba hii ni ya miaka ya 1930, wakati ambapo hakukuwa na kiyoyozi cha kuficha makosa ya mjenzi. Aliyekosea aliishi ndani ya kosa lake. Kwa hiyo dari iliwekwa juu sana, ili hewa ya moto ipande na kukaa mbali na vichwa vya watu. Mbele kuna roshani inayotupa kivuli juu ya ukuta na juu ya wapita njia kwa pamoja. Juu ya kila mlango na kila dirisha kuna matundu ya hewa, yamepambwa kwa nakshi za maua hata unadhani ni urembo mtupu. Katikati kuna ua mdogo ulio wazi juu. Jua likiupasha ua, hewa yake hupanda na kutoka kama moshi katika dohani, na inapotoka huvuta nyingine kutoka vyumbani, navyo vyumba huivuta kutoka mtaani. Nyumba nzima ilikuwa ikivuta pumzi.

Kisha, mwaka baada ya mwaka, kila mtu aliyeishi humo alifunga kitu kimoja. Mmoja alishusha siling bodi ili chumba kionekane cha kisasa, na hewa ya moto ikashuka nayo. Mwingine alitoa madirisha ya mbao ya luva akaweka alumini na kioo, ambacho nusu yake ndiyo pekee inayofunguka. Ua ulifunikwa kwa bati kwa ajili ya stoo. Matundu ya nakshi yalizibwa kwa magazeti na plasta, kwa sababu kiyoyozi kilipokuja kilihitaji chumba kilichozibwa. Na kwa kuwa chumba kilizibwa, kilihitaji kiyoyozi. Hapo ndipo uniti tano zilipozaliwa.

Fundi alianza kazi kwa tindo na nyundo ndogo. Nilikaa naye asubuhi moja akizibua tundu moja tu juu ya mlango wa chumba cha kulala. Hakugonga kwa nguvu. Alichokoa plasta pembezoni mwa nakshi, akapuliza vumbi, akachokoa tena, mpaka ncha za maua ya saruji zikaanza kujitokeza, halafu akavuta bonge la gazeti lililogeuka rangi ya chai. Liliponyofoka hatukusikia kitu. Lakini pazia la upande wa pili wa chumba, lililokuwa limening'inia kimya, lilijitikisa kidogo. Fundi alishuka kwenye stuli, akasimama akilitazama pazia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Upepo wa Dar es Salaam una majina na una kalenda. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, kusi hushika katikati ya mwaka, na kati yao kuna matlai. Hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu. Jasho hukataa kukauka, na hapo ndipo mateso yalipo. Ikitembea, hata kwa mwendo wa pangaboi la taratibu, mtu hujihisi kama joto limepungua nyuzi mbili au tatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza katika nyumba ya huku ni kuipa hewa njia ya kuingia na njia ya kutoka. Kuipoza ni kazi ya pili, na mara nyingi haihitajiki.

Wenzetu wa nchi za baridi walianzia upande mwingine. Mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, zilijengwa nyumba za mfano ambazo dunia nzima ilizijia kujifunza: kuta nene zilizojazwa kizuia joto, madirisha ya vioo vitatu, kila ufa umezibwa, hata joto la miili ya watu na la jikoni likatosha kupasha karibu nyumba yote. Ni ufundi wa kuheshimika. Lakini ile ni chupa ya chai, nasi tunahitaji mtungi. Chupa hufungwa ili kilicho ndani kisitoke. Mtungi huwekwa kivulini, upepo upite, nao hutoa jasho lake na kupoza. Ukiinakili chupa ya chai Mchafukoge utajikuta umekaa ndani ya chai.

Ushahidi kwamba maarifa haya si mageni uko ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Beda Amuli, aliyesomea usanifu Haifa, Israel, na kuwa miongoni mwa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo katika Afrika Mashariki, alilichora Soko la Kariakoo, lililojengwa kati ya 1970 na 1974. Alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege juu ya nguzo ndefu. Ukisimama chini yake unakumbuka soko la chini ya miti: kivuli juu, pembeni wazi, mwanga ukichungulia kati ya mwavuli na mwavuli, na hewa ya moto ikipata pa kutokea. Kila mwavuli umegeuzwa kama faneli, mvua inashuka nao hadi kwenye matangi ya chini ya ardhi. Paa moja likapewa kazi tatu: kivuli, upepo, maji. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza soko, lakini fikra iliyo ndani ya paa lile haikuungua. Kabla ya Amuli, Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1921 aliyesomea Bombay na kurudi kujenga nyumbani, alikuwa tayari ameufundisha mji huu kuvisha majengo ya zege mapezi ya kukata jua. Amuli na Almeida hawakufunga paneli. Walifanya lile ambalo paneli haziwezi kulifanya, yaani kuondoa haja.

Fundi hana shahada ya usanifu. Ana fimbo. Aliisimamisha wima uani na kufuata kivuli chake kwa chaki: saa tatu asubuhi, saa sita mchana, saa tisa alasiri. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja. Juni huegemea kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba huvuka na kuegemea kusini kwa nyuzi 16 hivi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unalindwa na ukingo wa kawaida tu wa paa, kama kofia inavyolinda macho. Adui ni jua la jioni, linalokuja kutoka magharibi likiwa chini, linapita chini ya kofia na kuingia mpaka kitandani. Kila dalali wa vyumba mjini anajua chumba cha jua la jioni kinavyokimbiwa.

Dirisha la magharibi la chumba cha mama lilikuwa na pazia zito la ndani. Fundi alilishika kwa vidole viwili. "Hili ni kumfungia mwizi mlango akiwa ameshakaa sebuleni," alisema. Joto likivuka kioo limeshaingia. Akafunga fremu ya mbao nje ya dirisha, umbali wa shibiri moja kutoka ukutani, vipande vyembamba vimelazwa kwa mshazari: jua linagonga nje na kubaki nje, upepo unapenya. Siling bodi ilitolewa, bati la uani likaondolewa na mahali pake ukawekwa wavu. Madirisha mawili ya alumini yakarudi kuwa luva, na raba ya friji ikabadilishwa. Mama akaambiwa alale wiki mbili bila kiyoyozi, na akishindwa akiwashe, bila aibu. Alikiwasha mara tatu.

Hapo ndipo fundi alipofungua kaunta buku tena. Mapangaboi mapya ya mota nyepesi, wati 30 badala ya 70: uniti moja kasoro kidogo. Friji moja. Taa za LED na televisheni, chini ya moja. Pampu theluthi moja. Jikoni moja. Kiyoyozi kidogo cha inveta, kwa zile saa mbili za usiku wa Februari pale kaskazi inapogoma: moja. Tano kwa jumla. Gawanya kwa nne, weka akiba ya mawingu na vumbi, unapata paneli nne badala ya nane. Nusu ya nyumba inayojilisha ilikuwa imejengwa, na bado hakuna aliyepanda ngazi.

Alipoipanda hatimaye, nilielewa kwa nini alichelewa. Juu ya paa hakuna nafasi ya kubahatisha. Paneli aliziweka upande wa paa unaotazama kaskazini, kwa mwinamo wa kutosha mvua iweze kuzioga. Misumari ya skrubu aliipitisha kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu maji hutembea bondeni. Na kila mmoja aliuvisha raba. Boliti alichagua za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya bahari hula chuma cha kawaida kimyakimya. Kati ya bati na paneli aliacha nafasi ya shibiri. Paneli ya sola hupenda mwanga lakini huchukia joto: kila nyuzi moja juu ya 25 huipunguzia kama asilimia 0.4 ya nguvu, na saa sita mchana kioo chake huweza kufika nyuzi 60. Upepo ukipita chini yake unairudishia sehemu ya ilichopoteza. Na bati lililo chini sasa liko kivulini, kwa hiyo chumba cha chini yake kinapoa. Ni lile paa la Amuli tena, kwa udogo wake.

Palepale juu alisimama akatazama ghorofa la jirani kwa mashaka. Paneli zilizounganishwa mstari mmoja ni kama watu waliopanga foleni ya kupokezana ndoo. Mmoja akisinzia, ndoo hazifiki. Kivuli cha nguzo kikilala juu ya paneli moja hudhoofisha mstari wote. Basi akazigawa mbili kwa mbili, ili kivuli cha jioni kiwe na hasara ya upande mmoja. Kunguru nao aliwaingiza kwenye hesabu. Ndege hawa wa asili ya India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kisha kuuteka mji wa Dar es Salaam, hupenda kutua mahali pa juu na mfupa mdomoni. Alifunga uzi wa chuma juu ya ukingo wa paneli wasipate pa kushika, na akamwagiza kijana wa nyumbani azioshe alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

Kitu cha mwisho alichokifanya kule juu hakionekani na mtu yeyote. Waya ulipofika ukutani hakuuingiza moja kwa moja kwenye tundu. Aliulegeza ushuke chini ya tundu kwa upana wa kiganja, kisha upande na kuingia. Maji ya mvua yanayoufuata waya hufika pale chini, hudondoka, wala hayaingii ndani. Nilihesabu: dakika nne kwa mkunjo mmoja wa waya. Nikakumbuka waya wangu, ulionyooka kama rula hadi ndani ya inveta iliyokufa masika ya kwanza.

Kuhusu betri alikuwa na maoni ya kushangaza. Alinunua moja, ya uniti tano, inayotosha mapangaboi, friji na taa hadi asubuhi. Alipoulizwa kama si vizuri kuongeza ya pili, alielekeza kidole juu kwenye simtanki. "Ile ndiyo betri ya pili." Kuinua lita elfu moja za maji hadi juu ya nyumba ni kazi ya umeme ambayo haina haja ya kufanyika usiku. Akaweka saa ya kuwasha pampu kuanzia saa tano na nusu asubuhi, jua likiwa la bure na limejaa. Maji yakishapanda, umeme wa mchana umelala ndani ya tangi, na jioni unateremka wenyewe kwa bomba. Barafu ya kwenye friza ni betri pia. Pasi ikipigwa saa saba mchana haigusi betri yoyote. Nilimsikiliza nikatambua kwamba alikuwa akipanga saa za siku kama wengine wanavyopanga samani.

Jikoni ndiko alikokuwa mkali zaidi. Nyumba inayojisifu kwa paneli huku ikipika kwa mkaa, alisema, inaghushi daftari: deni halikuondoka, limehamishiwa msituni. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa mama, lengo hilo lilikuja kwa umbo la presha kuka ya umeme. Maharage yaliyokuwa yakimaliza kopo la mkaa sasa huiva kwa nusu uniti au pungufu, mchana, jua likilipa.

Je, ufundi huu unaweza kuyabeba maghorofa yanayoizunguka nyumba hii? Tupige hesabu aliyoipiga fundi kwenye gamba la kaunta buku. Chukua jengo la ghorofa kumi, kaya mbili kila ghorofa, paa la mita za mraba 200. Ondoa ngazi, matangi na kamba za nguo, inabaki nusu. Mita moja ya mraba ya paneli ni wati 200, kwa hiyo paa linabeba kilowati 20, nazo ni uniti 80 kwa siku. Gawanya kwa kaya 20: nne kila moja. Familia inayolala na kiyoyozi katika chumba cha kioo inazimaliza kabla ya saa sita za usiku. Familia yenye upepo, friji nzima na mapangaboi mepesi inafika alfajiri. Tena hapo hatujaweka lifti. Paa la ghorofa haliongezeki. Kinachoweza kubadilika ni kile kilicho chini yake, na hicho huamuliwa siku mchoro unapochorwa: madirisha yanatazama wapi, hewa inapita wapi, nani anapata kivuli cha nani. Hata uzito una sauti. Simtanki la lita elfu moja likijaa ni tani nzima, na tangu ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, hakuna fundi mwenye staha anayepandisha mzigo juu ya slabu bila kumuuliza mhandisi.

Vijijini hesabu ni nyepesi, kwa sababu paa ni pana na mahitaji ni machache. Magoda, mkoani Tanga, wasanifu kutoka Denmark na wenzao wa Tanzania walijenga nyumba chache za majaribio zilizoinuliwa juu ya ardhi, kuta zake zikiwa nyepesi za kupitisha hewa. Kutoka hapo zikaja nyumba 110 za vijiji vya Mtwara: vyumba vya kulala ghorofani, kuta za wavu zinazopitisha upepo na kuzuia mbu, maji ya mvua yanakingwa, taa zinawashwa kwa sola. Zilibuniwa kwa ajili ya afya, hasa malaria. Lakini ukizisoma kwa jicho la fundi wetu utaona mpangilio uleule: kwanza upepo, kivuli na maji, ndipo paneli ndogo inatosha.

Nilirudi Mchafukoge Aprili, katikati ya masika. Mvua ilikuwa imekaa siku tatu, mtaa umejaa madimbwi, jua halijaonekana. Fundi alikuja na mwavuli na kaunta buku. Nilidhani amekuja kuongeza paneli ya tano. Akaketi palepale kwenye ukingo wa kochi, akafungua ukurasa mpya ili aandike namba za mita, lakini mama alimtangulia. Alitoa daftari lake mwenyewe, dogo, la mistari, lile la kuandikia madeni ya dukani. Ndani yake, kwa mwandiko wa kuinama, kulikuwa na siku zote tangu Januari: uniti zilizozalishwa, zilizotumika, zilizokopwa kwa TANESCO. Siku tatu za mwisho zilikuwa na deni. Zilizotangulia zilikuwa na dai kubwa zaidi.

Kwenye kiti kulikuwa na rundo la nguo zilizofuliwa, zimekunjwa bila kunyooshwa.

"Leo hakuna jua, Fundi," mama alisema, "kwa hiyo hakuna pasi."

Fundi alifunga kaunta buku lake bila kuandika kitu, akaomba chai, na safari hii akainywa ikiwa ya moto.